Korongo lipi litawafaa mama, mtoto na mwenye seli mundu?

Oman ikishapoa, kuanzia Novemba hivi, familia hutoka kwenda kutembea kwenye makorongo. Majibu haya ni kwa wanaopanga safari hiyo.

Tuko saba, wakiwemo mama wa miaka 68 mwenye presha na mtoto wa miaka 6. Wadi Shab, korongo la mabwawa, au mlima wa Jebel Shams?

Wadi Shab, ila si lazima yote. Mnavushwa kwa boti ndogo, kisha ni mwendo wa kama dakika 45 juu ya mawe hadi kwenye mabwawa. Kipande cha mwisho ni cha kuogelea hadi kwenye pango, na mlango wa pango hilo ni ufa unaopitisha kichwa tu. Mama akichoka njiani, akae kivulini na mtu mzima mmoja. Pimeni nguvu zake kwa safari ya kurudi, maana jua litakuwa limepanda.

Njia ya Jebel Shams kutoka Al Khitaym hadi kijiji kilichohamwa cha As Sab haina milima mikali, na kule juu kuna ubaridi, ndiyo maana watu huidharau. Lakini inapita ukingoni mwa genge, bila kizuizi. Mtoto wa miaka 6 anayependa kukimbia mbele? Mimi nisingempeleka.

Dawa za presha zina shida?

Zile zinazomfanya mtu akojoe sana humpunguzia maji mwilini. Asiziache mwenyewe, amuulize daktari kabla ya safari.

Si tunywe maji mengi tu?

Maji mengi bila chumvi nayo yana hatari yake. Mtu akitokwa jasho saa nyingi huku akinywa maji matupu, chumvi ya damu hushuka: kichwa kinauma, kichefuchefu, na yeye akidhani ni kiu anazidi kunywa. Bebeni karanga za chumvi na pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji).

Binamu yangu ana seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Abaki nyumbani?

Si lazima, daktari wake akikubali. Vinavyoamsha maumivu ni kukaukiwa maji, kuchoka kupita kiasi na baridi ya ghafla. Kwa hiyo asijirushe bwawani akiwa na jasho, na awe na nguo kavu.

Mtu akizidiwa na joto?

Akiwa na kizunguzungu lakini akili timamu: kivulini, miguu juu, maji kidogo kidogo. Akianza kujibu ovyo au kuyumba kama mlevi, hicho ni kiharusi cha joto, hata kama jasho bado linamtoka. Mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, msimlazimishe kunywa. Mmoja atoke hadi penye mtandao apige 9999, namba ya dharura ya Oman.

Mvua je, hapa si jangwa?

Mafuriko ya mvua ya milimani huwafikia mkiwa juani. Someni utabiri wa milima, si wa Muscat pekee. Maji yakigeuka rangi ya udongo, acheni vikapu na viatu hapo hapo, pandeni juu.