Palipokuwa na kituo cha mafuta: jinsi ya kuchunguza maji ya chini ya ardhi

Kiwanja kilichokuwa kituo cha mafuta Nairobi hakikosi mnunuzi. Kiko kando ya barabara, kimeshasawazishwa, na anayekinunua mara nyingi anapanga fleti zenye kisima chake. Matangi yakishang'olewa na shimo kufukiwa, jicho halioni kitu. Pua nayo haitoshi: kikomo cha benzini, kemikali ya sumu iliyomo katika petroli, kwenye maji ya kunywa kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi kisichonusika. Petroli yenye benzini asilimia 1 hubeba takriban gramu 7 katika kila lita, nazo zinatosha kufikisha lita 700,000 za maji kwenye kikomo hicho.

Kazi huanzia kwenye makaratasi. Tafuta ramani ya matangi, mapaipu na pampu, pamoja na daftari za mafuta yaliyopokewa na yaliyouzwa; upungufu unaojirudia mwezi hadi mwezi ni dalili ya uvujaji. Waulize pia mafundi wa gereji za jirani, kwani wanakumbuka mengi ambayo hayakuandikwa popote. Tangi ndilo hushukiwa kwanza, lakini viungo vya paipu na mdomo wa kujazia huvuja vilevile, na anayechimba palipokuwa na tangi tu atayakosa mafuta yaliyomwagikia upande wa pampu. Ikiwa kituo kilifanya kazi kabla ya 2006, wakati petroli yenye madini ya risasi (lead) ilikuwa bado ikiuzwa Kenya, risasi nayo ipimwe.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Upande wa Embakasi udongo ni mweusi, wa mfinyanzi: kiangazi hupasuka nyufa ambazo mafuta hupenya, mvua ikija huvimba na kuyafungia humo. Chini yake, kama ilivyo sehemu kubwa ya jiji, kuna miamba ya volkano ambamo maji hufuata mipasuko. Kwa hiyo mteremko wa barabara haukuonyeshi maji yanakoelekea. Chimba angalau visima vitatu vya uchunguzi katika umbo la pembetatu, mpimaji achukue kimo cha kila mdomo kutoka alama moja, ndipo ulinganishe usawa wa maji. Kwenye mwamba uliopasuka, vitatu ni vya kuanzia tu.

Makosa mengi tunayokutana nayo yamo katika ujenzi wa visima hivi. Paipu ya PVC ya milimita 50 iungwe kwa nyuzi, bila gundi, maana viyeyusho vya gundi huonekana maabara kama uchafuzi. Petroli na dizeli huelea, hivyo sehemu yenye matundu ianze juu ya usawa wa maji ya masika na kuishia chini ya usawa wa kiangazi. Ikizama yote, mafuta hubaki nje ya paipu na kisima kinatoa majibu safi ya uongo. Zungushia mchanga mkubwa uliooshwa hadi nusu mita juu ya matundu, weka nusu mita nyingine ya bentonaiti, yaani mfinyanzi unaovimba ukilowa na kuziba nafasi, kisha saruji. Ukiruka bentonaiti, maji ya uwanjani yatateremka kando ya paipu, nawe utapima oili ya magari yaliyoegeshwa jana.

Kabla ya kuchota, shusha kipimo kinachotofautisha mafuta na maji. Unene wa mafuta ndani ya paipu kwa kawaida huzidi ule ulio ardhini, basi usiutumie kukadiria lita zilizovuja. Pasipo na mafuta, toa maji yaliyotuama, mara tatu ya yale yaliyomo ndani ya paipu. Paipu ya milimita 50 hubeba takriban lita 2 kwa kila mita, kwa hiyo mita 4 za maji ni lita 8, na mara tatu yake ni 24. Yaweke kwenye pipa, si mtaroni.

Sampuli huingia katika vichupa vya kioo vya mililita 40 vyenye tone la asidi. Jaza hadi pomoni, funga, pindua. Ukiona kiputo cha hewa, chukua nyingine, kwa kuwa benzini hukimbilia humo. Jenereta ikae mbali, upande upepo unakoelekea. Barafu iwe ya kutosha hata foleni ya Mombasa Road ikikukamata. Beba pia kichupa cha maji safi kutoka maabara, kirudi bila kufunguliwa: kikikutwa na benzini, uchafu uliingia safarini.

Kisima kirefu cha fleti kisubiri. Paipu yake isipozibwa vizuri huteremsha uchafu wa juu hadi kwenye maji ya kina, na hapo kusafisha ni vigumu mno. Hata majibu mazuri ya awamu moja hayatoshi kuomba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji: pima baada ya mvua za Machi hadi Mei, kisha kiangazi, kwa sababu maji yakipanda huyanasa mafuta udongoni, na yakishuka mafuta hurudi kuonekana ndani ya paipu.