Mota Mpya ya Omo kwa Boti ya Besi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Boti ya besi, yaani ya kuvulia samaki wa maji baridi aitwaye besi, ina injini mbili zenye kazi tofauti kabisa. Tezini, yaani nyuma, hufungwa injini kubwa ya petroli, ambayo kazi yake ni kumfikisha mvuvi mahali penye samaki. Akishafika huizima, na kuanzia hapo chombo huendeshwa kutwa nzima kwa mota ya umeme iliyofungwa omoni, yaani mbele, pale mvuvi anaposimama na mguu mmoja juu ya pedali. Ni mota hii ya pili inayoamua kama siku itakuwa ya kuvua au ya kupigana na upepo. Nimevua kwa miaka kadhaa katika maziwa ya mashariki mwa Texas, hasa Lake Fork, ambako miti mingi iliachwa imesimama bwawa lilipojazwa maji, na nimeona watu wazima, wenye akili na fedha zao, wakinunua mota isiyowafaa kwa sababu ya maneno yanayopokezanwa gatini. Besi mwenyewe ni yule yule aliyepelekwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini boti hizi ni za Marekani na vipimo vyake ni vya huko. Nitaacha ratili, inchi na futi kama zilivyoandikwa kwenye maboksi.

“Mota imekufa, lazima ninunue nyingine.”

Mara nyingi haijafa. Rafadha, yale mapanga yanayozunguka na kuisukuma boti, hushikiliwa na pini ndogo ya chuma, ambayo imewekwa makusudi ili ipinde au ikatike rafadha inapogonga kisiki, na hivyo kuinusuru mota yenyewe. Pini ikishakatika, mota hunguruma vizuri tu lakini boti haisogei. Fundi mmoja aliwahi kuniambia kwamba mota yangu haitengenezeki tena. Nilipofika nyumbani nikafungua nati kwa spana, nikaivuta rafadha, na pini ikaniangukia kiganjani ikiwa vipande viwili. Nyuma ya rafadha palikuwa na pete ya uzi wa kuvulia uliosukwa, imekaza kama bangili ya mtoto, nayo ilikuwa imeanza kuitafuna sili ya mpira inayozuia maji. Uzi wa namna hiyo ukiachwa huikata sili, maji yakaingia ndani, na hapo ndipo mota hufa kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa mamia au maelfu ya dola, fungua rafadha uangalie, kisha pima volti za betri wakati mota ikivuta mzigo. Betri chakavu huonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika, lakini huporomoka mara tu mota inapowashwa, na lawama zote huiangukia mota.

“Ratili nyingi zaidi za msukumo ndiyo mbio zaidi.”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayowagharimu watu zaidi. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa mota, 55, 80 au 112, ni ratili za msukumo, yaani nguvu ambayo mota inausukumia mzigo. Haipimi mwendo, wala haigeuzwi kuwa nguvu za farasi kwa hesabu moja ya moja kwa moja. Mwendo wa juu hutegemea zaidi kasi ya mzunguko wa rafadha na mlalo wa mapanga yake. Ndiyo maana katika siku tulivu boti ile ile inaweza kwenda karibu sawa ikiwa na mota ya ratili 80 au ya 112. Tofauti huonekana upepo unapovuma, pale mota dhaifu inapozunguka kwa nguvu zake zote huku omo likiendelea kuyumbishwa, ilhali mota yenye msukumo mkubwa hulishikilia omo mahali pake bila kufika mwisho wa nguvu zake.

Kanuni inayotumiwa na watengenezaji ni ratili 2 za msukumo kwa kila ratili 100 za uzito wa boti iliyopakiwa. Neno “iliyopakiwa” ndilo linalosahauliwa. Chukua boti ya futi 20: gamba lake ratili 1,900, injini ya tezini 500, petroli ya tangi lililojaa 245, watu wawili 400, vifaa na chambo 250, betri 205. Jumla ni ratili 3,500, na kanuni inadai msukumo usiopungua ratili 70. Mtu aliyehesabu gamba peke yake angepata 38 na kununua mota ya volti 12, ambayo kwa kawaida haizidi ratili 55, kisha angelalamika msimu mzima kwamba mota za siku hizi hazina nguvu. Kwa boti hiyo, mota ya volti 24 yenye ratili 80 inatosha kwenye maji yaliyokingwa. Kwa anayevua ziwa kubwa lililo wazi, mimi ningesema aende volti 36 bila kusita.

“Volti 36 hula betri tatu badala ya mbili, kwa hiyo umeme huisha upesi.”

Kinyume chake ndicho kilicho karibu na ukweli. Kazi ile ile ikifanywa kwa volti kubwa zaidi, ampea zinazopita hupungua. Mota ya Minn Kota, chapa ya Marekani, ya ratili 80 kwa volti 24 huvuta ampea zipatazo 56 ikikanyagwa hadi mwisho. Ile ya ratili 112 kwa volti 36 huvuta kama 52 tu, ingawa inasukuma zaidi. Ukiitumia ile kubwa kwa msukumo ambao ile ndogo ingeutoa, ampea hushuka zaidi, na kila betri huchoka polepole. Kinachopaswa kumfikirisha mnunuzi ni gharama inayoambatana na volti hizo: betri ya tatu na mahali pa kuiweka, chaja yenye njia tatu, na uzito unaoongezeka tezini. Mota isiyo ya volti 36 kamwe isiunganishwe na betri tatu za volti 12 zilizofuatanishwa kwa matumaini ya kupata nguvu, itaungua.

Jambo jingine ni lithiamu. Watu husema kwamba betri za lithiamu huingia tu mahali pa zile za maji na mambo yakaendelea kama kawaida. Ni kweli kwamba uzito hupungua sana, kwa kuwa betri ya lithiamu ya saa-ampea 100 ina takriban ratili 30, ilhali betri kubwa ya maji ina zaidi ya 60. Lakini lithiamu hushikilia volti za juu karibu hadi chaji inapokwisha, na mota za brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) hazikuzoea hali hiyo: Minn Kota huonya kwamba mota inayotumia lithiamu isiendeshwe kwa muda mrefu juu ya asilimia 85 ya mwendo wake, isije ikaharibika moja kwa moja. Chaja nayo lazima iwe inayokubali lithiamu, na betri hizo hazichajiwi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, jambo lisilo dogo kwa mvuvi wa majimbo ya kaskazini.

“Nitanunua shafti yenye urefu ule ule wa zamani.”

Shafti ni bomba refu linaloishusha mota majini, na labda ile ya zamani nayo haikuwa sahihi. Boti inapaswa kupimwa ikiwa majini, ikiwa na mzigo wake wa kawaida, kuanzia pale mota inapofungwa juu ya sitaha hadi usawa wa maji. Ikiwa juu ya trela haitakuambia kitu. Mota iliyoshushwa inatakiwa kuzama kiasi kwamba sehemu yake ya juu iwe inchi 12 hivi chini ya uso wa maji. Boti nyingi za besi huchukua shafti ya inchi 45 au 52.

Nilijifunza hili vibaya. Shafti yangu ya inchi 45 ilitosha kabisa asubuhi, maji yakiwa kioo. Mchana upepo wa kusini ukaamka, omo likaanza kupanda na kushuka, na kila lilipopanda rafadha ilitoka karibu na uso, ikavuta hewa na kutoa mlio wa kukoroma kama maji yanayomalizikia kwenye tundu la sinki. Kwa dakika hizo msukumo wote hupotea, na samaki walio kwenye maji mafupi husikia. Hata hivyo shafti ndefu kupita kiasi nayo ina adhabu yake: hugonga visiki visivyofikiwa na ile fupi, na ikilazwa juu ya sitaha inaweza kuchomoza nje ya boti. Pima urefu wa sitaha pia.

“Ikiwa na GPS, sihitaji nanga wala ujuzi.”

Uwezo wa mota kuishikilia boti mahali pamoja kwa GPS, ambao Minn Kota iliuleta mwaka 2010 kwa jina la Spot-Lock, ni faida kubwa kweli, na kama fedha zinanilazimisha kuchagua kati ya huo na ratili 30 za ziada, nitauchagua huo, mradi msukumo uliobaki bado unaukidhi uzito wa boti. Lakini kazi hiyo hufanywa kwa rafadha inayozunguka na betri inayoisha. Mota isiyo na msukumo wa kutosha huburutwa na upepo hata kama inajua vyema ilipotakiwa kuwa. Aidha, mota inayoishikilia boti kwa GPS huanza kuzunguka yenyewe bila kumwonya mtu, kwa hiyo asiwepo yeyote majini karibu nayo. Na aliyefunga sona (kifaa kinachoonyesha samaki kwa mawimbi ya sauti) ya kutazama mbele kwenye shafti ajue kwamba mota ikigeuka kuukabili upepo, sona nayo hugeuka na kumpoteza samaki aliyekuwa akitazamwa. Ndiyo sababu wengi sasa huifunga sona kwenye nguzo yake ya peke yake.

Kuhusu pedali, si kweli kwamba ile ya waya wa kuvuta ni ya kizamani. Waya huo hufanya kazi kama ule wa breki ya baiskeli: mguu ukisogea, mota husogea papo hapo, na mvuvi huhisi inakoelekea bila kuangalia chini. Wanaopita katikati ya miti iliyosimama wengi hawataki kitu kingine.

“Isiyo na brashi ni bora kwa kila mtu.”

Mota ya kwanza ya umeme ya boti za kuvulia, aliyoitengeneza O. G. Schmidt huko Fargo, North Dakota, mwaka 1934, ilitokana na stata ya gari la Ford, na brashi zimeendelea kuzungusha mota za omo kwa miongo mingi tangu hapo. Mwaka 2019 kampuni za Garmin na Lowrance zilileta za kwao zisizo na brashi, ambazo ni kimya zaidi na hutumia umeme kwa uangalifu zaidi. Anayevua kila wiki atauona ubora huo. Anayetoka mara sita kwa mwaka afadhali atumie tofauti ya bei kununua betri nzuri.

“Waya wa zamani utafaa.”

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Katika hesabu ya Kimarekani, namba ya waya ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi, na kwa boti ndefu ambayo betri zake ziko tezini, waya unaowekwa mara nyingi ni namba 6, pamoja na kikata umeme cha ampea 60 karibu na betri. Waya mwembamba hula volti njiani, na mota ya ratili 112 ikafanya kazi kama ya 90. Hakikisha pia kwamba matundu ya kitako kipya yanalingana na sitaha yako, kwa maana hayalingani kati ya chapa na chapa, na kwamba pedali mpya inaingia kwenye kishimo cha ile ya zamani. Mwisho, chomoa plagi ya omoni uitazame ndani kwa tochi. Ukiona plastiki imekuwa ya kahawia kuzunguka pini moja, plagi hiyo imekuwa ikipata joto kwa muda mrefu, na haifai kuunganishwa na mota mpya hata kwa siku moja.