Kwa Nini Injini ya Ndege ya Kivita Haitengenezwi Popote Penye Bei Nafuu

Februari 2022, ndege za kivita 36 aina ya F-35 za Marekani zilikuwa zimekwama chini kwa kukosa injini inayofanya kazi. Tangu habari hiyo itoke, Waswahili wenzangu tunaoishi nao huku Marekani hawachoki kuniuliza: si mngewaachia kampuni ya Pratt & Whitney walioiunda wamalize kazi? Kwa sisi tunaopanga matengenezo haya, swali hilo ni halali. Linalochosha ni kuulizwa kana kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria.

Injini ya F135, ndiyo inayoisukuma F-35, hukaguliwa kwanza ikiwa kikosini. Fundi huingiza kebo nyembamba yenye kamera kwenye tundu dogo ubavuni mwa injini, mwenzake anazungusha rota (sehemu ya ndani inayozunguka) polepole, naye anatazama mapanga ya turbini moja baada ya jingine kwenye skrini. Akiona ukingo umelika au rangi ya kinga ya joto imebanduka, anapima na kulinganisha na kikomo kilichoandikwa. Kipimo kikizidi kikomo, hakuna mjadala, hata kama rubani anasubiri. Moduli ya katikati, yenye kompresa, chumba cha mwako na turbini, inafungwa kwenye kasha lake na kupelekwa karakana kuu. Kwa injini hii, karakana kuu ya Marekani iko kambi ya jeshi la anga ya Tinker, Oklahoma City, na ndipo foleni ilipojaa.

Karakana hiyo haikuchaguliwa kwa bei peke yake. Kifungu cha 2464 cha Sheria Kuu ya 10 ya Marekani, inayohusu majeshi, kinataka uwezo wa msingi wa matengenezo ubaki kwenye karakana inayomilikiwa na kuendeshwa na serikali, ili vita vikizuka amri itolewe leo na kazi ianze leo, bila kusubiri mkataba ujadiliwe upya. Silaha mpya inayohitaji uwezo huo wa msingi inapewa miaka minne tangu ianze kutumika rasmi uwezo huo uwe umejengwa. Kifungu cha 2466 kinaweka ukomo wa fedha: katika mwaka mmoja, kila jeshi haliruhusiwi kuwalipa wakandarasi zaidi ya asilimia 50 ya bajeti yake ya matengenezo makubwa. Kulegeza ukomo huo ni kazi ya Waziri wa Ulinzi mwenyewe, kwa sababu za usalama wa taifa, na hawezi kumkabidhi mtu mwingine mamlaka hayo. Taarifa ya mgawanyo huenda Bungeni kila mwaka. Kisha kuna kifungu cha 2469: kazi yenye thamani ya dola milioni 3 au zaidi inayofanywa na karakana ya serikali haihamishwi kwa mkandarasi bila ushindani unaozihusisha karakana za serikali na kampuni binafsi. Kwa hiyo anayesema "hamisheni tu" ajue hakuna ofisa mwenye kalamu ya kufanya hivyo.

Ukomo huo wa asilimia 50 una historia. Mwaka 1995 ilipoamuliwa kambi ya jeshi la anga ya Kelly, San Antonio, ifungwe, mafundi wengi wa injini walikuwa pale. Serikali ya Clinton ilitaka kazi ibaki palepale chini ya kampuni binafsi; wabunge wa maeneo yenye karakana nyingine walipinga vikali. Baada ya mvutano huo, Bunge lilipandisha ukomo wa wakandarasi kutoka asilimia 40 hadi 50 mwaka 1997. Binafsi naona lile lilikuwa suluhu ya kisiasa kuliko ya kiufundi, lakini ndiyo sheria tunayoifuata.

Nje ya Marekani mambo ni magumu zaidi. Desemba 2014 ilitangazwa kwamba kituo cha kwanza cha matengenezo makubwa ya F135 barani Ulaya kingekuwa Uturuki, kisha Norway na Uholanzi zifuate. Julai 2019 Uturuki ilipoanza kupokea mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 ya Urusi, iliondolewa kwenye mpango wa F-35, na mipango iliyokuwa imepangwa juu yake ikabidi ipangwe upya.

Jambo la mwisho linawahusu ndugu zangu wenye karakana ndogo za kukata chuma wanaotamani kazi hizi. Anayetengeneza vipuri vya kijeshi lazima kwanza ajisajili Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hata kama hauzi chochote nje ya nchi. Mchoro wa kipuri nao unalindwa kama kipuri chenyewe. Kumtumia binamu aliye Mombasa picha yake kwa simu bila kibali ni kuusafirisha nje, na kumwonyesha fundi asiye raia, mkazi wa kudumu wala mkimbizi aliyepewa hifadhi rasmi, hapohapo karakanani kwako, kunahesabiwa vivyo hivyo. Anayefanya hivyo kwa makusudi anaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 1 na kufungwa hadi miaka 20 kwa kila kosa. Mchoro ukikufikia kabla hujajisajili, usiufungue wala usimpe mwingine. Mpigie kwanza aliyekutumia.