Kuchambua utamaduni na vyombo vya habari kwa mtazamo wa kifeministi: maana yake ni nini?

Fungua gazeti la Kiswahili kwenye kurasa za habari za mikoani. Hutakaa sana kabla ya kukutana na habari ya aina hii: mwanamke ameuawa, Kamanda wa Polisi wa mkoa amethibitisha kutokea kwa tukio hilo, chanzo chake ni wivu wa mapenzi. Aya tatu nne, basi. Umri wa marehemu upo, kazi yake ipo, kijiji na kata vipo. Mume au mchumba aliyeshika panga anachelewa kutajwa, na akitajwa huwa ni mtu aliyezidiwa: wivu ulimpanda, hasira zilimtawala. Ukiisoma harakaharaka utadhani muuaji ni wivu wenyewe, na huyu bwana alikuwa karibu tu.

Kuisimamisha habari hiyo na kuihoji ndiyo kazi ya taaluma tunayoieleza hapa. Kwa nini imeandikwa hivi? Nani amefichwa na nani ameanikwa? Kwa nini sisi wasomaji tumeizoea kiasi kwamba haitushtui? Mchambuzi wa kifeministi anachunguza jinsi magazeti, redio, filamu, nyimbo, matangazo ya biashara na mitandao vinavyojenga picha ya mwanamke na ya mwanaume, na jinsi picha hizo zinavyompa mmoja sauti na kumnyima mwingine. Anaanza na imani moja: kila habari imepangwa na mtu. Kuna aliyechagua nani ahojiwe, kamera ikae wapi, kitenzi kipi kitumike. Aliyechagua angeweza kuchagua vingine.

Taaluma yenyewe ilikomaa miaka ya 1970, Uingereza na Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham kulikuwa na kituo kilichoanzishwa mwaka 1964 kuchunguza utamaduni wa watu wa kawaida: televisheni, magazeti, mitindo ya vijana wa mitaani. Kazi nzuri, ila "vijana" waliochunguzwa walikuwa wavulana karibu wote. Wanawake waliokuwa wakisoma hapo waliunda kikundi chao, na mwaka 1978 wakatoa kitabu chao kuonyesha pengo hilo. Mmoja wa watu wa kituo hicho, Angela McRobbie, aligeukia kitu ambacho wasomi wengi wangekiona ni cha kipuuzi, yaani jarida la wasichana lililoitwa Jackie, akaonyesha jinsi lilivyomfundisha binti kwamba maisha yake yote yanazunguka suala moja la kupata mchumba na kumtunza asiondoke.

Mwaka huohuo wa 1978 Mmarekani Gaye Tuchman aliandika kuhusu kile alichokiita, akifuata istilahi ya mtafiti wa vyombo vya habari George Gerbner, maangamizi ya kiishara. Maana yake ni kwamba kundi la watu linaweza kuangamizwa kwenye vyombo vya habari bila mtu yeyote kuguswa. Njia ya kwanza ni kutowaonyesha kabisa. Ya pili ni kuwaonyesha kwa mambo madogomadogo tu, na ya tatu ni kuwaonyesha ili walaumiwe. Hiyo ya tatu tunaifahamu vizuri huku kwetu. Januari 2024, wanawake walipoandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, moja ya mambo yaliyokuwa yakiwakera ni maswali yaliyotawala mitandaoni kuhusu aliyeuawa: alikwenda kufanya nini kwenye ile nyumba ya kupanga? Alimjua vipi yule mwanaume? Marehemu ndiye aliyepandishwa kizimbani.

Dhana maarufu kuliko zote katika uwanja huu ni jicho la kiume. Mwingereza Laura Mulvey, mchambuzi wa filamu, aliieleza mwaka 1975 katika jarida la Screen la Uingereza, akizungumzia filamu za Hollywood. Alisema katika filamu kuna macho ya aina tatu: la kamera, la wahusika wanaotazamana, na la mtazamaji aliyeketi gizani. Katika filamu za zama zile macho yote matatu yalikaa upande mmoja. Mwanaume anatazama na kutenda, mwanamke anatazamwa, na hadithi husimama kidogo ili atazamwe vizuri.

Huhitaji kwenda Hollywood kuliona hilo. Chukua video yoyote ya muziki ya hapa kwetu yenye msanii wa kiume na wale wasichana wanaoitwa "video vixen". Zima sauti, fuata kamera tu. Msanii anaonyeshwa uso, anazungumza nasi. Msichana anaanzia kwenye kifundo cha mguu, kamera inapanda polepole hadi kiunoni, inakata. Mara nyingi video inakwisha na hujui sura yake vizuri, sembuse jina lake. Mchambuzi hasemi kwamba msichana yule ni malaya au amekosa maadili. Hayo ni maneno ya wengine kabisa. Anachouliza ni nani aliyeishika kamera na alidhani anamrekodia nani.

Mulvey naye alikosolewa, na ni vizuri iwe hivyo. Mwandishi Mmarekani mweusi bell hooks, aliyependa jina lake liandikwe kwa herufi ndogo, alieleza mwaka 1992 kwamba wanawake weusi walioketi kwenye kumbi za sinema hawakuwa na pa kujiweka. Mwanamke wa kutamaniwa kwenye skrini alikuwa mzungu. Mweusi alikuwa mtumishi wa nyumbani. Akakumbusha pia kwamba enzi za utumwa mtu mweusi aliweza kuadhibiwa kwa kuangalia tu, na kwa hiyo kutazama kwa kuhoji kulikuwa tayari ni ukaidi. Kwa msomaji wa Afrika somo hili lina uzito, maana linatukataza kuzungumzia "mwanamke" kana kwamba wote wamekaa kiti kimoja. Mama lishe wa Manzese na mtangazaji wa televisheni hawaandikwi kwa namna moja, hata wakipatwa na jambo moja.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu watu wengi wakisikia taaluma hii hufikiria hesabu kwanza. Tangu mwaka 1995, kila baada ya miaka mitano, kuna mradi wa dunia wa kufuatilia vyombo vya habari ambapo watu wa kujitolea katika nchi nyingi husoma, kusikiliza na kutazama habari za siku moja na kuhesabu nani ametajwa na kama nani. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu waliomo kwenye habari. Mwaka 2020, katika nchi 116, walikuwa asilimia 25. Miaka 25, pointi nane. Tena katika hao, mwanamke huitwa zaidi kusimulia yaliyomkuta na mara chache zaidi kueleza kama mtaalamu.

Hesabu ni nzuri kwa kumnyamazisha mhariri anayesema "mbona wapo wengi tu". Lakini haifiki mbali. Unaweza kujaza gazeti picha za wanawake na usibadilishe chochote; magazeti ya udaku yalifanya hivyo kwa miaka.

Ndiyo maana neno utamaduni limo kwenye jina la taaluma hii. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, nguo za kubana na vipodozi vya kujichubua vingekuwa marufuku Dar es Salaam, kwa ajili ya kulinda utamaduni wa taifa. Hata kabla marufuku haijaanza kutumika, makundi ya vijana wa kiume yalikuwa yakiwavamia wanawake Kariakoo na kwenye mabasi. Magazeti yalijaa barua za wasomaji za kuunga mkono na za kupinga. Mchambuzi wa kifeministi akizisoma barua zile leo anaona jambo lililo kubwa kuliko urefu wa sketi. Suti na tai zilikuja kwa meli zilezile, lakini hakuna aliyevuliwa tai Kariakoo kwa jina la utamaduni. Taifa lilikuwa linapimwa kwenye mapaja ya wanawake. Novemba 2014, wanawake wa Nairobi walipoingia barabarani baada ya video ya mwenzao akivuliwa nguo kwenye kituo cha matatu kusambaa, hoja ilikuwa ileile, ila safari hii kila mtu alikuwa na kamera mkononi.

Na chombo cha habari si lazima kiwe na ofisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kitu kilichoitwa Mzee Punch: maandishi na michoro ya kubandikwa ukutani, bila jina la mwandishi, ya kuwadhalilisha watu, hasa wanafunzi wa kike. Aliyelengwa alijikuta gumzo la chuo kizima, na hakuna wa kumjibu. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyeandamwa hivyo alijiua, na Punch ikapigwa marufuku. Wengi waliita ule mchezo utani. Swali la kifeministi hapo ni rahisi tu: utani wa nani, na nani anatakiwa kucheka? Ukiliuliza swali hilo leo kwenye kundi la WhatsApp ambapo video ya faragha ya msichana imevuja na watu wanaomba "koneksheni", yaani watumiwe nao, utaona ukuta umehama tu. Siku mbili baadaye msichana anarekodiwa akiomba radhi. Aliyesambaza haombi radhi, na wala hatafutwi.

Kuna upande ambao uchambuzi wa miaka ya mwanzo uliukosea: uliwaona watazamaji wa kike kama watu waliolishwa sumu wasijue. Janice Radway alipochapisha mwaka 1984 utafiti wake juu ya wasomaji wa riwaya za mapenzi huko Marekani, alionyesha kwamba wanawake wale walikuwa wakitumia kitabu kama mlango wa kujifungia. Saa ya kusoma ilikuwa saa pekee ambayo mume na watoto walijua mama haguswi. Uholanzi, Ien Ang aliweka tangazo kwenye jarida la wanawake akiomba barua kutoka kwa watazamaji wa Dallas, tamthilia ya televisheni ya Kimarekani. Akapata 42, na ndani yake wengi walijua kabisa udhaifu wa kile wanachokipenda. Nani asiyemjua shangazi anayefuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, huku akimsema mhusika mkuu wa kike kwa upumbavu wake kuanzia mwanzo hadi mwisho? Huyo naye anachambua.

Tena si kweli kwamba huku tulisubiri kufundishwa na Birmingham. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Katika nyimbo zake upo mmoja unaohusu mauaji ya mwanamke mgeni mjini Zanzibar: muuaji katorokea bara, na mahakama ikawaadhibu wanawake waliofika kutoa ushahidi. Linganisha na taarifa za wivu wa mapenzi. Katika wimbo ule jina la muuaji linatajwa waziwazi, alichofanya kinasemwa, na hakimu naye hasalimiki. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipounda TAMWA mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti, na nadhani walijua wanachokifanya. Chama hicho kilikuwa miongoni mwa waliosukuma hadi kupatikana kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kuandika kwa namna nyingine kulifika hadi bungeni.

Mwisho, wapo wanaosema taaluma hii ni chuki kwa wanaume. Hao hawajaisoma. Mwanaume naye anatengenezwa. Kwenye tangazo la bia anacheka na wenzake, kwenye tangazo la sabuni hayupo, na kwenye vichekesho akipika au akitunzwa na mwanamke anaitwa marioo. Mtu aliyeachishwa kazi akakaa nyumbani na watoto anazisikia dhihaka hizo kila siku, na hakuna anayehesabu mara ngapi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanzia hapohapo, kwa rekodi za michezo ya redio na vichekesho vya runinga, akafuatilia baba wa nyumbani anavyoigizwa, na kuandika pembeni ni wakati gani hasa hadhira inachekeshwa.