Barabara Moja, Kaunti Mbili: Ruzuku za Mashamba Marekani

Takwimu za ruzuku za mashamba ya Marekani zikitoka, swali ninaloulizwa halibadiliki. Inakuwaje kaunti hii ipate mamilioni ya dola na jirani yake isipate hata senti, ilhali zote zinalima mahindi na soya, na kinachozitenga ni barabara ya changarawe tu? Wengi huona mkono wa mwanasiasa. Mara nyingi ni hesabu tu.

Chukua ARC, programu ya kuwafidia wakulima mapato yakishuka, iliyoletwa na sheria ya kilimo ya 2014. Ile aina yake wanayoichagua wakulima wengi haiangalii shamba lako, inaangalia kaunti nzima. Huchukuliwa mavuno ya miaka 5, unatupwa mwaka wa juu kabisa na wa chini kabisa, na mitatu iliyobaki inatafutiwa wastani. Bei nayo vivyo hivyo. Ukizidisha, unapata kigezo cha mapato kwa ekari. Kwa kanuni za sheria ya kilimo ya 2018, mapato ya kaunti yakishuka chini ya asilimia 86 ya kigezo, pengo hulipwa, ila malipo hayavuki asilimia 10 ya kigezo. Sheria ya Julai 2025 imepandisha viwango hivyo hadi 90 na 12.

Tufanye mfano, kwa kanuni za 2018. Kigezo ni busheli 180 (busheli ni kipimo cha nafaka) kwa dola 4 kila moja, yaani dola 720 kwa ekari. Asilimia 86 yake ni dola 619.20. Kaunti ya kwanza inavuna busheli 150, bei dola 3.80: dola 570. Pengo ni dola 49.20, nalo hulipwa kwa asilimia 85 ya ekari, kwa hiyo mkulima anabaki na takriban dola 42. Ng'ambo ya barabara, kigezo na bei ni vilevile, lakini mavuno ya kaunti msimu huu ni wastani wa busheli 172. Mapato yanafika dola 653.60. Hakuna malipo.

Sasa mwangalie mkulima wa kaunti hiyo ya pili ambaye mvua ya mawe imemwachia busheli 60. Hapati kitu kwa ARC. Mwenzake wa kaunti ya kwanza, aliyebahatika kuvuna 190, analipwa kama wengine wote. Hilo ndilo huwakera watu, na sidhani wanakosea.

Ekari zenyewe pia si zile ulizolima msimu huu. Ni ekari za msingi, zilizowekwa kutokana na historia ya upandaji ya shamba. Mwenye msingi wa mahindi anaweza kupanda soya na bado akalipwa kwa mahindi. Tena pesa hutoka Oktoba ya mwaka unaofuata, kwa hiyo hasara ya msimu mmoja huonekana kwenye takwimu za mwaka mwingine, pengine wenye mavuno ya kufurahisha.

Mpaka wa kaunti uliamua mambo hata kwenye malipo ya kuwafidia wakulima kwa vita vya biashara na China. Mwaka 2019 kila kaunti ilipangiwa kiwango chake, kuanzia dola 15 hadi 150 kwa ekari.

Na ukiona kaunti imeandikiwa sifuri, usiihurumie haraka. Uliza kwanza bima ya mazao. Kwa wastani serikali hubeba zaidi ya nusu ya ada yake, na majina ya wanaofaidika hayachapishwi.