Sponji Nyembamba Haitulizi Besi: Kurekebisha Chumba cha Kurekodia Nyumbani

Wenye studio za nyumbani wanaotafuta ushauri wa wahandisi wa sauti huja na malalamiko yanayofanana: maikrofoni ni nzuri na kompyuta haina tatizo, lakini mwimbaji anasikika kana kwamba aliimbia bafuni, na wimbo uliokuwa na besi ya kutosha chumbani hukosa besi kabisa ukichezwa kwenye gari. Lawama huangukia vifaa, na pengine fedha nyingine hutumika kununua maikrofoni ya bei kubwa zaidi, ambayo kazi yake itakuwa kunasa kasoro zilezile kwa usahihi zaidi. Mara nyingi mwenye kosa ni chumba chenyewe, hasa kwa sauti nzito zilizo chini ya hezi 300 (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), ambazo mapambo mengi ya ukutani hayazigusi.

Kabla ya kununua chochote, ni vyema kutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kuzuia sauti isivuke ukuta kwenda kwa jirani, au isiingie kutoka barabarani, ni kazi inayohitaji uzito wa kuta, milango mizito na kuziba kila mwanya, maana hewa inapopita na sauti hupita. Kutuliza sauti inayodunda ndani ya chumba ni kazi nyingine, nayo huhitaji nyenzo zenye vinyweleo ambamo hewa inaweza kupenya. Anayebandika sponji ukutani ili jirani asisikie ngoma atasikitika. Trei za mayai, ambazo zimepata sifa zisizostahili, hazifai kwa kazi yoyote kati ya hizo mbili, na zile za karatasi hushika moto upesi.

Nyenzo yenye vinyweleo hufanya kazi kwa msuguano: chembe za hewa zinazotikiswa na sauti hukwaruzana na nyuzi za nyenzo hiyo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto dogo mno. Hata hivyo, hewa iliyogusana na ukuta haiwezi kwenda mbele wala nyuma, kwa hiyo hapo msuguano ni mdogo. Mwendo wake huwa mkubwa zaidi katika umbali wa robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzi joto 20, wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, na robo yake ni chini kidogo ya sentimita 9. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, na robo yake ni sentimita 86. Sponji ya sentimita mbili na nusu, hata ikifunika chumba kizima, humeza sauti kali za juu na kuiacha besi iendelee kuvuma, na matokeo yake ni chumba chenye sauti iliyofifia juu na kujaa chini. Kwa maoni yetu, chumba cha namna hiyo ni kigumu kufanyia kazi kuliko kile kisichowekwa kitu.

Kwa sababu hiyo tunashauri paneli chache zilizo nene badala ya kuta nzima zilizofunikwa kwa kitu chepesi. Pamba ya mwamba au pamba ya kioo yenye unene wa sentimita 10 hadi 15, ikiwekwa ndani ya fremu ya mbao na kuachiwa nafasi nyuma yake inayokaribia unene huohuo, humeza sauti nzito zaidi kuliko ikigandishwa ukutani. Kitambaa cha kuifunika kichaguliwe kwa kukipuliza: pumzi ikipita bila shida, kinafaa. Wakati wa kukata pamba hiyo, vaa glavu na barakoa, kwani nyuzi zake huwasha ngozi na kukera koo.

Ni kiasi gani kinatosha? Wallace Clement Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipopewa mwaka 1895 kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo maneno yalivuma kwa zaidi ya sekunde tano, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaiongeza kidogo kidogo na kupima muda wa mvumo kila mara. Kanuni aliyoipata inasema kwamba muda huo ni sawa na 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawanya kwa eneo la ufyonzaji, yaani eneo linalomeza sauti, kwa mita za mraba. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina ujazo wa mita za ujazo 30. Ili mvumo udumu kwa sekunde 0.3, kinahitaji ufyonzaji wa mita za mraba 16, wakati kuta, sakafu na dari kwa jumla ni mita za mraba 59. Zulia, kochi na kabati la vitabu vimekwisha kuchangia sehemu ya hesabu hiyo.

Kwenye besi, kanuni hiyo haitoshi katika chumba kidogo. Urefu wa mita 4 hujenga wimbi tuli, yaani wimbi linalodunda kati ya kuta mbili na kuonekana limesimama palepale, la hezi 43 hivi, karibu sana na noti ya F ya chini katika gitaa la besi. Noti hiyo hulipuka karibu na ukuta na kupotea katikati ya chumba, ilhali noti jirani zake hubaki za kawaida. Kuongeza besi kwenye programu hakuwezi kujaza pengo la mahali ulipoketi. Dawa ni kusogeza kiti, kwa kuanzia kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, na kuweka paneli zilizo nene kupita zote kwenye pembe, ambako mawimbi yote tuli hukutana.

Baada ya pembe, shughulikia kuta za kando. Keti mahali pa kusikilizia, mtu mwingine ateleze kioo cha kujitazamia ukutani. Kila sehemu ambapo unaiona spika ndani ya kioo ndipo panapohitaji paneli. Fanya vivyo hivyo kwenye dari.

Anayerekodi sauti ya mtu tu ana kazi nyepesi zaidi. Maikrofoni isiyonasa sana sauti za nyuma, ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, husikia mwimbaji kuliko chumba. Paneli mbili nene zisimamishwe nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa huko ndiko maikrofoni inakoelekea. Kisha gonganisha viganja mara moja mahali pale pa kuimbia: ukisikia mlio wa haraka unaotetemeka kama chuma, kuna kuta mbili tupu zinazotazamana, na paneli moja kwenye ukuta mmojawapo kwa kawaida huumaliza.