Msafara wa joto, au kwa nini maji ya ndoo yanaunguza juu halafu chini baridi

Kama umewahi kukaa hosteli, hii unaijua. Unaning'iniza ile hita ya koili kwenye ndoo, unachomeka, baada ya muda unachomoa (chomoa kwanza ndo uguse, sitaki kesi), unatia kidole unakuta maji ya moto balaa, unabeba ndoo mpaka bafuni umejaa furaha, kopo la kwanza linakuunguza na ukishafika nusu ya ndoo maji ni baridi kama yametoka kisimani sasa hivi. Mimi nilishabadilisha hita mbili nikidhani ni feki. Kumbe kosa lilikuwa langu, nilikuwa naiweka juu juu.

Sasa hapo ndo inapoingia kitu kinaitwa msafara, ile njia ya joto tuliyokaririshwa shule ya msingi pamoja na mpitisho na mnunurisho, tukafaulu mtihani tukasahau. Wengine wanaiita konveksheni. Neno hilo lililetwa kwenye mambo ya joto na daktari mmoja wa Uingereza, William Prout, mwaka 1834, na alilitoa kwenye Kilatini, maana yake ni kubeba. Na ndo siri yenyewe hiyo, kubeba. Kwenye mpitisho, mfano kijiko ulichokiacha kwenye chai ya moto, joto linapokezanwa tu, kila chembe inampa jirani yake na yenyewe inabaki palepale. Kwenye mnunurisho joto halihitaji hata kitu cha kupitia, jua linatufikia hivo. Msafara ni tofauti, maji yenyewe au hewa yenyewe inajitwika joto na kuhama nalo. Ndo maana chuma hakina msafara, chembe zake zimekaa mahali pake haziendi popote.

Sasa maji na hewa vinahamaje? Maji yakipata moto yanatanuka, yakitanuka yanakuwa mepesi kwa ujazo uleule. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 ina kama gramu 998, ya nyuzi 80 ina kama gramu 972. Tofauti ni gramu 26 tu, unaweza kusema hiyo nayo ni nini, lakini inatosha kabisa. Maji mazito ya baridi yanashuka chini yanayasukuma yale mepesi juu, yakifika chini na yenyewe yanapata moto, yanasukumwa juu na mengine, mzunguko unaendelea hivo hivo. Weka sufuria ya maji jikoni tia punje chache za mchele utaziona zinavyopelekwa.

Rudi kwenye ndoo. Koili ikiwa juu, maji yaliyopata moto yako juu tayari, hayana pa kupanda, na ya chini ni mazito yametulia zake. Hakuna mzunguko. Joto la kufika chini inabidi lishuke kwa mpitisho, na maji kwenye mpitisho ni mvivu sana, utasubiri mpaka uchelewe darasani. Dawa ni kushusha koili iwe karibu na chini ila isiguse plastiki, ikigusa huna ndoo. Ukiangalia birika la umeme, waliolitengeneza wameweka moto chini kabisa, hawakubahatisha.

Uji nao ni somo. Ukiwa bado mwepesi unajizungusha wenyewe, ukianza kuwa mzito hauwezi tena kuzunguka, joto linabaki chini na chini kunaungua, ndo maana bibi hataki uache mwiko. Pale unapokoroga wewe ndo umekuwa msafara. Feni ni hivo hivo, na kupuliza chai pia, ni msafara wa kulazimishwa.

Kuna kitu watu wanakisema vibaya, eti "joto hupanda juu". Joto halina juu wala chini, kwenye kijiko linaenda popote penye baridi. Kinachopanda ni hewa ya moto, tena haipandi kwa hiari, inasukumwa na ya baridi iliyo nzito zaidi. Angalia chemli, kuna matundu chini karibu na utambi na kioo kimeachwa wazi juu, hewa ya moto inatoka juu, mpya inavutwa kwa chini, ziba yale matundu uone kama taa haijazima. Na kwenye kituo cha anga cha kimataifa ambako kila kitu kinaelea hakuna kizito wala chepesi, mwali wa moto hauchongoki, unakuwa mviringo kama kampira kabluu. Hata hewa ya kule inabidi isukumwe na feni muda wote, la sivyo ile anayoitoa mtu puani akiwa amelala inaweza kubaki imemzunguka usoni.

Sasa huo mchezo wa sufuria ufanye uwe mkubwa kama nchi. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko bahari, hewa ya juu yake inapanda, ya baharini inakuja kuziba nafasi, ndo ule upepo mtamu wa mchana pwani. Usiku nchi kavu inapoa haraka, mambo yanageuka, upepo unatoka bara kwenda baharini, na watu wa pwani wana jina lake, umande. Mwenye ngalawa anatoka nao alfajiri na kurudi na ule wa mchana, hajalipa hata senti ya mafuta.

Ila Ziwa Victoria mchezo huohuo si wa kuchekea. Ni ziwa kubwa, kama kilomita za mraba 68,000 na zaidi, na limezungukwa na nchi kavu pande zote. Usiku upepo wa kutoka nchi kavu unaingia ziwani kila upande, unakutana huko katikati juu ya maji yaliyobaki na uvuguvugu, hewa yenye unyevu haina pa kwenda zaidi ya juu, inapanda mpaka inakuwa wingu la radi. Mchana dhoruba zinapiga zaidi nchi kavu pembeni, usiku zinahamia ziwani. Na usiku ndo saa za wavuvi wa dagaa, wako katikati ya maji na taa zao.